Sahani Zilizobeba Shamba

Kufa kufaana, na Athman aliyachukua maneno hayo kama wasia. Kaka yake alizikwa Alhamisi. Jumapili, kabla matanga hayajaanuliwa, alisimama nyuma ya pazia la mlango wa Bi Swafiya, maana mjane aliye edani haonwi na shemeji yake.

"Shemeji, nti ya shamba lako isolimwa hufa," alisema. "Wewe huna ndia ya kutoka miezi minne na siku kumi. Ukitoka, masika yamekaribia kwisha. Nitapanda minazi yangu mle."

Shamba lilikuwa la mahari ya Bi Swafiya, na Mkomani nzima ililijua hilo. Ilijua vilevile kwamba mnazi ukishashika, mwenye mnazi hang'oki. Bi Swafiya alishikwa na hasira. Akataka khatibu wa msikiti aulizwe. Jawabu likaja: shamba ni la mjane, ila siku ya kutoka eda awe na miche iliyokwisha kuota, kwa kuwa mbegu kavu haitaiwahi mvua. Akikosa, Athman apande.

"Hapana neno," alisema Bi Swafiya.

Eda ilipobakiza miezi miwili, aliteremsha sahani za Kichina kutoka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambavyo mabibi wa mji huvijaza fahari, akapanga humo vifuu vya nazi vilivyotobolewa chini. Shoga yake Hindu akamletea udongo na samadi kwa kikapu. Wakatia mbegu za tungule na biringani.

Ziliota siku ya sita, na Bi Swafiya akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Siku ya kumi na mbili miche ilikuwa mirefu, myeupe, imelala. Chumba cha ndani kina giza. Zidaka zilijengwa kuonyesha vyombo, si kulea kitu.

"Basi tena, mwezangu," akasema Hindu. "Mngu hakupenda."

"Mngu hayumo. Ni mimi niloitia kizani."

Akaanza upya. Safari hii alivipeleka vifuu kiwandani, uani katikati ya nyumba, ambako jua huingia kwa juu. Kila kifuu alikikalisha ndani ya sahani yenye maji, mche unywe kutoka chini. Jua likiwa kali, alitandaza mkeka juu ya fito. Kunguru wakija, walimkuta na ufagio. Majirani wakanong'ona kwamba huzuni imemharibu akili, naye aliwaacha wanong'one.

Kila Ijumaa Athman alikuja kumjulia hali, akasimama palepale penye pazia. "Alhamdulillahi," Bi Swafiya alimjibu, mikono imejaa tope. Eda ambayo Athman alitaka imfungie mjane ndani ilikuwa imemfungia yeye mwenyewe nje.

Siku ilipotimia, Bi Swafiya alioga, akavaa buibui, akatangulia. Nyuma yake walifuata Hindu na wanawake saba wa mtaa, kila mmoja na sahani ya Kichina kichwani, miche imesimama. Shambani walimkuta Athman na kibarua wake, Madi, wamekwisha chimba mashimo thelathini. Miche ya minazi ilikuwa imelazwa kando.

Athman alizitazama zile sahani. "Miche hii imetoka wapi?"

"Nyuma ya pazia."

Bi Swafiya akapiga magoti penye shimo la kwanza, akarudisha udongo mpaka nusu, akavunja kifuu, akausimamisha mche wa biringani.

"Ahsante kwa mashimo, shemeji. Minazi yako itukue, wende nayo. Ndia waiyua."

Akasogea kwenye shimo la pili.