Kidoti Kwenye Shavu la Kushoto
…na jicho la mama hapo ukutani peke yake ni pana kuliko dirisha la chumba chetu, hilo moja tu, mtu angeweza kupitisha ndoo humo isiguse kope, na mimi nimesimama katikati ya njia, mtoto mgongoni, mfuko wa vitambaa mkononi, shingo imekakamaa kwa kutazama juu, “Fundi, nifute?” ananiuliza Dada Rangi tena, yuko juu ya jukwaa la mbao, usawa wa mdomo wa mama, amekaa kama ndege, brashi pana ya rangi nyeupe mkononi, ananiita fundi kwa ajili ya cherehani yangu, “sema tu, mdogo wangu, sitanuna, kosa ni langu,” na hilo kosa ni langu ndilo linalonichoma, maana si lake, ni langu mimi, na nimelifunga mdomoni tangu asubuhi kama fundo la pini ninapopima gauni la mtu… mama yangu ukutani, mama mfagiaji, urefu wa ghorofa mbili, watu wanapita na mizigo yao wanainua macho, watu walewale waliokuwa wakiruka ufagio wake bila kumtazama, na yeye ndiye aliyekuwa akiinama, asubuhi hadi jua kali, njia hii hii, mimi nikiwa mgongoni kwake kama huyu alivyo kwangu, huyu niliyempa jina lake, kwa hiyo wote tunamwita Bibi, Bibi amelala, Bibi ameng'atwa na mbu, Bibi hataki uji… tulia mama, tulia, usivute nywele, tunatazama… kwenye kikao cha kuchagua nani achorwe kwenye ukuta wa bomba la maji mimi sikunyoosha mkono, ningesema nini, walitajwa wakubwa, walitajwa walimu, ndipo kinyozi wa hapo ng'ambo akasimama na kitambaa cha kunyolea begani, akasema, “na yule mama aliyekuwa akizoa nywele za wateja wangu mtaroni miaka yote, na mtoto mgongoni, asinisute hata siku moja, yeye je?” na watu wakaanza kusema kweli, kweli, na mimi nikajifanya nafunga mbeleko… hakuna picha yake, ni kitambulisho cha kazi tu, picha ya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na kutoka kwenye ukucha Dada Rangi ametoa huyu, sijui alipitia wapi, sijui aliyaona wapi macho hayo, alichora kwa penseli hafifu kwenye makaratasi makubwa, akaniambia, “fundi, una sindano, unitobolee mistari yote,” maana ndivyo wanavyofanya, unatoboa, karatasi inabandikwa ukutani, unaipigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa, unga unapenya kwenye matundu, ukiibandua sura imebaki, nukta kwa nukta, kama sisimizi waliojipanga, na mimi nilitoboa siku nne mtoto akinyonya, nikatoboa kope, nikatoboa mikunjo ya shingo, matundu mengi kuliko mishono ya maisha yangu yote, kisha nikayaunga makaratasi kwa uzi, si kwa gundi, gundi ya nini wakati nina uzi, na nikaandika kwa chaki, juu, chini, nikaandika upande usio na mchoro, kwa sababu ndivyo mikono yangu ilivyofundishwa, alama za chaki ni upande wa ndani, upande mzuri haupigwi chaki, utaliharibu gauni la mwenyewe… na Dada Rangi, maskini, akasoma juu, akasoma chini, akabandika maandishi yakimtazama, mchoro ukaelekea ukutani, mama akageuka, kulia kukawa kushoto, na hakuna aliyejua, wiki mbili anapaka rangi, fundi bomba akaja siku yake ya kupumzika akalihamisha lile bomba la ukutani ambalo lingemkata mama shingo, hakuitwa, alikuja tu na spana zake, akasema hawezi kumwacha mama wa watu amekabwa, kina mama wa bombani wakahamisha kamba zao za nguo ili povu lisimrukie, na mimi jana nilipoona uso umekamilika nililia mpaka nikakaa chini, sikujua nalia nini, nilisema moyoni, ni yeye, ndiye kabisa, ndiye… mpaka leo asubuhi Dada Rangi alipokiomba kitambulisho aangalie ukosi wa sare, akakitazama, akautazama ukuta, kisha akasema taratibu, “kidoti,” kidoti cha mama kiko shavu la kulia, ukutani kimekaa la kushoto, kikubwa kama sahani, kila mtu anakiona… “Fundi, jua linapanda,” anasema, hana hasira, sauti yake ni ile ya mtu anayemwamsha mgonjwa, “saa sita wenye jukwaa wanakuja kulichukua, nikifuta uso leo ukuta utakaa mweupe hapo katikati mpaka tupate jukwaa jingine, sijui lini, nisipofuta napaka vanishi, na vanishi ikishakauka ndiyo basi, lakini sitaki uwe unapita hapa kila siku unamwona mtu asiye mama yako,” na ninataka kumwambia, dada, ni mimi niliyemgeuza, ni chaki yangu, lakini nikisema futa nimemfuta mama kwa mdomo wangu mwenyewe, nikisema acha nimeacha uongo ukutani, Bibi atakua akijua kidoti cha bibi yake kilikuwa kushoto… “Fundi, usipoamua nitaamua mimi,” anapiga kelele kinyozi kutoka kibandani kwake, “mteja wangu kageuza shingo kutazama, nimemnyoa upande mmoja tu!” na mteja naye, “mwache dada wa watu atazame, mimi na nusu kichwa changu tutasubiri,” watu wanacheka, na mimi nageuka kucheka nao, nageuka tu, na pale kibandani, kwenye kioo kilichotundikwa kwenye nguzo, nyuma ya kichwa cha mteja kilichobaki nusu, ukuta wote umo, mama yumo, mdogo, amenyooka, kidoti kimerudi shavu la kulia, sawasawa na kitambulisho… na si yeye.

Si yeye, ni yule wa kwenye picha, sijawahi kumwambia mtu hili, lakini siku zote amekuwa kwangu kama shangazi aliyekuja mara moja, nilikuwa darasa la pili alipofariki, uso wake uliniponyoka mapema, nikabaki na shingo, na jasho, na fundo la mbeleko, nilimjua kwa mgongo… ila asubuhi, kabla ya kazi, kipande cha kioo juu ya beseni, anafunga kitambaa kichwani na mimi tayari nimeshabebwa, namchungulia juu ya bega, naye ananitazama humo ndani ya kioo, anapandisha nyusi, ananitolea ulimi, mimi nacheka, anasema, “umeniona eeh, mwizi wewe,” na kidoti kiko upande huu, upande huu wa bega langu, nilikuwa nakinyooshea kidole, nikigusa nakuta kioo baridi… upande huu, huo huo wa ukutani, basi jana niliposema ni yeye ni kwa sababu ndiye, kitambulisho kina mama wa watu, ukuta una mama yangu, yule wa kiooni, na ni sindano yangu iliyomleta, na chaki yangu ya kijinga, na Dada Rangi aliyesoma juu akaweka juu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua… “Fundi?” brashi bado iko hewani, mteja bado ana nusu kichwa, hakuna kilichosogea, ila Bibi amechomoa mkono kwenye mbeleko, amenilalia begani, anaelekeza kidole kule juu, ananong'ona kitu ambacho si neno, na mimi nainama kidogo ili aone vizuri, nalitafuta neno la kwanza, nalo ni dada, kisha ni mimi, kisha usimguse…