Macho ya Mzee Kiplimo

Linah hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini juma lile alimpigia baba yake simu mara tatu. Mbio za Jumamosi mjini Bungoma ndizo zingekuwa zake za mwisho. Daktari alishasema bega la kulia limekwisha, na miaka thelathini na minane si mchezo. Nishani alikuwa nazo za kujaza kapu. Kitu kimoja tu alikikosa: baba yake hajawahi kumwona akishindana.

Si kwamba Mzee Kiplimo hakumpenda. Polio ilipompoozesha Linah miguu akiwa mdogo, mzee alimbeba mgongoni kutoka Kachibora hadi kila mkutano wa maombi uliotangazwa Trans-Nzoia. Hakuna mhubiri waliyemruka. Kisha Ndirangu, fundi wa baiskeli pale Kitale, akamchomelea msichana kiti cha mbio cha magurudumu matatu. Mzee alikataa hata kukigusa. Kwake, kukipokea kiti kile kulikuwa sawa na kumwambia Mungu amechelewa. Imani ni kitu kizuri, sikatai, lakini ya mzee huyu ilimnyima binti yake baba kwa miaka ishirini na miwili.

Jumamosi mzee akaja. Suti ya kanisani, Biblia kwapani, akaketi safu ya mbele karibu na utepe wa kumalizia. Linah alimwona kutoka kule mwanzo.

Bastola ikalia. Alipiga magurudumu kwa glavu zake ngumu, bega likiwaka moto, asijali. Mita mia kwa sekunde kumi na tisa, wa kwanza. Uwanja mzima ulipiga vigelegele, naye akajisukuma moja kwa moja hadi kwa baba yake.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba, midomo ikicheza.

"Baba, si umeniona?"

Mzee akashtuka. "Kwani mmeanza?"

Hasira ya miaka yote ilimpanda Linah. "Hata leo, Baba? Hata leo unaomba nisimame nitembee?"

"Hapana, mama. Hiyo niliacha kitambo." Sauti ya mzee ilikuwa chini. "Nilikuwa naomba tu usianguke. Niliogopa kuangalia."

Linah aliona aibu kwa ukali wake, na uchungu pia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mapema kwamba kilichomweka baba mbali kilikuwa hofu. Mbio za siku zilikuwa zimekwisha na vijana walishaanza kukunja kamba.

"Weka Biblia kando, Baba," alisema. "Sasa angalia."

Akarudi hadi mwanzo wa mita mia. Bastola haikulia. Alikuja polepole, mkono mmoja ukimsaliti, na safari ile ilimchukua karibu dakika nzima. Mzee alisimama wima, macho wazi, hakupepesa.

Alipofika, mzee aliinama, akakishika kile kiti kwa mikono yote miwili na kukiinua kidogo, binti akiwa ndani.

"Kumbe ni chepesi hivi," alisema, na machozi yakamtoka.