Mashine Ikitoka Kulala

Fundi kompyuta huyu alikuwa na mdomo, weweee! Kila siku aliwakaripia wateja dukani kwake: "Mashine ikitoka kulala, msiiamini! Haijaanza kazi, ndiyo maana inajiona ina nguvu. Itumieni kwanza, halafu muiulize chaji." Walicheka, wakambandika jina la Mama Chaji.

Lakini mganga hajigangi, jamani.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi, simu zote nyumbani zilikuwa zimezima, na baba yake yu kitandani, anavuta pumzi kwa taabu. Tangu walipogombana kwenye mazishi ya mama, mzee hakuwahi kuitikia shikamoo ya mwanawe wa kwanza. Leo ndipo aliposema kwa kinywa chake: "Niitie kaka yako. Nataka kumwomba radhi."

Mama Chaji akafungua laptopu iliyokuwa imelala. Pembeni ikaandika: zimebaki saa nne. Akachomeka modemu, akamwandikia kaka. Kaka akajibu: "Nipo kazini. Nitoroke sasa hivi, au nipige nikitoka, baada ya saa moja?"

Akaitazama ile saa nne. Alichoka, aliogopa, alitaka iwe kweli. Akaiamini, yeye mwenyewe, fundi mzima! "Ukitoka, kaka. Chaji ipo tele."

Akaiacha wazi asije akaikosa simu, akaenda kumfuta baba jasho na kumbadilishia shuka. Ilipoita, akakimbilia kioo. Zimebaki dakika mbili.

"Shikamoo, baba," kaka alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Mama Chaji akaishika laptopu mbele ya mzee. Macho ya mzee hayakuwa yakiona vizuri tena. Akakohoa, akakusanya pumzi, na kabla hajafungua kinywa, kioo kikazima.

Mzee hakujua. Akaanza kusema. Akasema yote: maneno aliyomtukania mwanawe mbele ya watu, barua alizozichana bila kuzisoma, wajukuu ambao hakuwahi kuwabeba. Mama Chaji angemkatizaje? Pumzi ile haikuwa ya kurudia mara mbili.

"Nisamehe, mwanangu," akamaliza. Akasubiri. "Mbona kimya?"

"Analia, baba."

"Amenisamehe?"

Kioo cheusi bado kilikuwa mikononi mwa Mama Chaji.

"Amekusamehe, baba."

Mzee akashusha pumzi, akafumba macho. "Basi zima," akasema, "usiimalize chaji yako bure."