Ndoo ya Mahindi ya Msibani

Emerensiana aliingia stoo kwa mara nyingine, akainama juu ya magunia, akanusa. Asubuhi gunia moja tu ndilo lililokuwa na harufu ya dawa. Sasa, baada ya kufungua na kufunga, kuchota na kurudisha, yote mawili yalinuka sawasawa, na mikono yake pia.

Juzi alikuwa amelipiga dawa ya kuua wadudu wa dumuzi gunia la akiba, la pili akaliacha la kula. Jana mumewe Ludovick, karani katika ofisi za mkoa mpya, akayasogeza ili apate pa kuweka baiskeli. Leo, stoo ikiwa bado na giza, Emerensiana akachota ndoo ya mahindi akaipeleka msibani Nangara, kama kila nyumba ya jumuiya ilivyotakiwa, yapikwe makande ya watu watakaomzika mzee Yoakimu. Alikuwa amesharudi nyumbani Maisaka, ameshika ufagio, ndipo swali likamjia: alichota gunia gani?

Mtu mwingine angerudi Nangara mbio. Emerensiana aliketi kuwaza. Kuwaza kuna ujanja wake, humfanya mtu ajione yuko kazini, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, kumbe hajainua hata mguu. Aliwaona waombolezaji wakijishika matumbo, watoto wakitapika, Ludovick akiitwa polisi. Aliwasikia wanawake wakisema hawa watu wa kuja wametuletea sumu. Kisha akawaza kwamba pengine anaogopa bure, akienda atachekwa. Kisha akarudi mwanzo.

Njia hiyo alikuwa anaijua. Mvua za mwaka jana, baada ya homa kumchukua binti yake Hope, alilala kitandani akijiuliza ingekuwaje kama angempeleka hospitali Jumapili badala ya Jumatatu. Jumapili, Jumatatu, Jumapili, mpaka shamba lao la Singe likamezwa na majani na yeye akaacha kuchana nywele. Hakumwambia mtu. Ludovick alidhani ni uchovu, majirani walidhani ni majivuno.

Mchana aliona watu wakipita barabarani kwenda mazishini. Wakitoka makaburini watakula. Hofu ilikuwa ileile ya mwaka jana, lakini safari hii kulikuwa na watu ambao bado wangeweza kuokolewa, na hilo ndilo lililomwinua. Akajifunga kanga akatoka, njia nzima kichwa kikimwambia kwamba amechelewa.

Msibani, sufuria zilikuwa zinatokota nyuma ya nyumba. Mama Paskasi, mtu mzima aliyesimamia mapishi, alikuwa anakoroga. Emerensiana alimwamkia, na kabla hajaitikiwa vizuri akasema:

"Mama, msigawe chakula. Mahindi yangu nadhani yana dawa."

Mwiko ukasimama. Mama Paskasi akamvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba walipoyaosha asubuhi maji yaligeuka meupe na harufu ikawapiga puani, kwa hiyo akayafukia nyuma ya choo. Yaliyoko jikoni ni mahindi ya watu wengine.

"Mbona hukutuma mtu aniambie?"

"Niliogopa, Mama Hope. Nilisema nikikwambia utajifungia tena kama mwaka jana. Tangu asubuhi nawaza nitakwambiaje."

Emerensiana alitaka kucheka, na alitaka pia kumpiga. Alingoja moyo utulie. Haukutulia. Kichwa kilikuwa kimeshapata swali jingine, naye alikuwa anageuka aondoke nalo kwenda nyumbani. Akajizuia, akalisema palepale.

"Na kuku? Hawatafukua?"

"Nimeweka mawe juu. Una lingine?"

Watu walikuwa wanamwita Mama Hope kila siku, sokoni, kanisani, kisimani, na kila siku jina hilo lilimchoma akaitika huku anatabasamu. Alikuwa na hasira nalo, alikuwa pia na hofu kwamba siku moja wataacha kumwita hivyo.

"Ninalo," akasema. "La Hope."

Mama Paskasi akamkabidhi jirani mwiko, akavuta vigoda viwili, akakaa yeye kwanza.