Tumba la Asubuhi

Mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa miti alikuwa mtu wa ushahidi. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka nje akalowa kwanza, ndipo akakubali. Wafanyakazi walimbandika jina la Ushahidi, na siku alipolisikia hakukasirika. Alitaka tu kujua nani kalitamka, wapi, na mbele ya nani.

Mtaalamu wa maua kituoni hapo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Ofisini alimwita Bosi, nyumbani alimwita Shemeji, na moyoni alimwita jina la tatu ambalo haliandikiki.

Nyuma ya maabara ulikuwapo mti uliopandwa zamani za wakurugenzi waliokwisha kustaafu. Haukuwahi kutoa ua hata la kusingiziwa. Mwaka ule ukaamua. Kwenye ncha za matawi vikatokeza vishada vya matumba ya kijani, magumu kama njegere mbichi. Wafadhili waliposikia, wakasema watakuja kuuona ukichanua.

"Utachanua lini?" mkurugenzi aliuliza.

"Bado wiki kadhaa, Bosi. Chavua haijaanza kujitengeneza."

"Umejuaje?"

Akamwonyesha kwenye hadubini tumba alilolipasua kwa wembe. Kwa nje lilikuwa limejifumba kama ngumi, lakini ndani kila kitu kilikuwa mahali pake: petali zimekunjwa kama nguo sandukuni, na katikati vifuko vya chavua vimejaa seli nono.

"Hizi kila moja itagawanyika ziwe nne," alieleza. "Nne hizo zitashikana kwanza, kisha zitaachana, kila moja ijijengee ganda lake na kujaza akiba ya chakula. Hapo ndipo tutakuwa na chavua, na ua litafunguka. Kazi yetu ni kungoja."

Kungoja hakukuwamo katika kazi za mkurugenzi. Alipiga picha, akawatumia wafadhili. Wakamjibu: "Vizuri sana, tuzidi kupata habari." Ni maneno ya adabu ambayo mtu huandika huku anakoroga chai. Yeye aliyapokea kama amri ya jeshi.

"Kuanzia kesho," alimwambia mtaalamu, "kila asubuhi nataka picha mpya."

"Bosi, tumba likishapasuliwa halichanui tena."

"Si yako mengi?"

"Si mengi hivyo. Nikipima ukubwa wake kwa rula, kwa nje, naweza kukisia ndani kumefikia wapi."

"Rula! Niwaambie wafadhili tunakisia kwa rula, kama fundi viatu?"

"Shemeji, nakuomba..."

"Hapa hakuna shemeji. Hapa kuna picha."

Basi kila asubuhi mtaalamu akapanda ngazi, akachuma, akapasua. Seli zikagawanyika, picha ikaenda. Zikakaa nne nne kama punje za kitunguu saumu. Mkurugenzi akafurahi, akaibandika picha hiyo mlangoni kwake. Kisha akataka tumba la upande wa jua na la upande wa kivuli, ili kulinganisha. Picha ikitoka na ukungu, likachumwa jingine. Naibu wake naye, kwa kuogopa kuachwa nyuma, akaomba la kwake.

Dada mtu, mke wa mkurugenzi, akampigia simu mtaalamu. "Mdogo wangu, jana huyu bwana kawaonyesha wageni vifuko vya chavua mezani, watu wana matonge mdomoni!"

"Mwambie aache, Dada. Mti unaisha."

"Nimwambie mimi? Nilipomwambia nina mimba alidai cheti cha daktari. Cheti kikaja, akasema tungoje tumbo. Aliamini siku mtoto alipompiga teke!"

Hatimaye asubuhi moja mtaalamu alidondosha rangi juu ya kioo, na chembe zote zikaiva kwa wekundu, za mviringo, zimeshiba.

"Chavua imekomaa," alisema. "Maua yangefunguka kesho kutwa."

Mkurugenzi akasugua viganja. Kisha akasita. "Mbona unasema yangefunguka?"

"Kwa sababu hili ndilo lilikuwa la mwisho."

Mkurugenzi alitoka nje, akauzunguka mti shingo juu, kama mtu aliyepotelewa na kuku. Palikuwa na majani, tena mazuri. Aliporudi sauti ilikuwa imepungua.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Shemeji."

"Una ushahidi?"

Mtaalamu alichukua wembe wake, akaufuta taratibu, akaenda kunywa maji.

Wafadhili walikuja. Mkurugenzi aliwaketisha ukumbini, akazima taa, akawarushia picha ukutani, moja baada ya nyingine, mpaka mmoja wao akakoroma. Mama mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono. "Sehemu zake tumeziona. Ua lenyewe liko wapi?"

"Hilo ndilo lenyewe, mama," alijibu bila kupepesa. "Ila kwa mfululizo."

Wakapiga makofi. Mkurugenzi akapewa tuzo ya ufuatiliaji bora, na mtaalamu akapewa onyo la mdomo kwa kutumia matumba ovyo.

Msimu uliofuata mti ulichipuza tena. Safari hii mtaalamu alipasua matumba machache tu, akapima mengine kwa rula, na kila asubuhi akamtumia bosi picha za mwaka uliopita kwa mpangilio uleule. Mkurugenzi alizisifu: zimekuwa safi zaidi, alisema, inaonekana onyo limesaidia.

Maua yakafunguka Jumapili, kituo kikiwa kitupu. Mtaalamu akamwita dada yake, wakaburuta benchi hadi chini ya mti. Vishada vilining'inia kila tawi, nyuki wakigombana, vumbi la njano likiwadondokea mabegani. Wakakaa, wakatazama. Kisha dada akavuta tawi, akanusa, uso ukamkunjamana.

"Loo! Linanuka soksi!"

Mtaalamu naye akanusa, akapiga chafya, akacheka hadi akashika mbavu. Wakaburuta benchi upande upepo unakotokea, wakaendelea kuangalia.