Mwanachama Halali

Jumatatu ni siku ya kufua hapa Cwmhelyg, kijiji chetu cha mgodi wa makaa, na Ceinwen Prosser alianza na jezi ya mumewe. Alitumia maji ya uvuguvugu, maana sufu kuukuu ikikutana na maji ya moto inabaki saizi ya mtoto. Tope lilitoka kwanza, jasho likafuata. Jezi hiyo ilikaa kwenye kabati la kioo la klabu yetu ya raga tangu 1909 na hakuna aliyeivaa, ila kila Jumamosi mechi ikianza, ilichafuka. Kamati ilijadili suala hilo mara moja tu, ikaamua kumpa Ceinwen sabuni.

Idwal mwenyewe alikuwa winga wa timu ya taifa enzi hizo, sura yake ikiuzwa ndani ya pakiti za sigara. Mgodi ulipofungwa na mtoto akaugua, alikubali kucheza raga ya malipo, ambayo kwetu ni mwiko, huko kaskazini mwa Uingereza. Sisi hatusemi alilipwa. Tunasema "alikwenda Kaskazini", kwa sauti ya chini, kama tunavyomtaja marehemu. Tena marehemu ana afadhali, huimbiwa. Aliyekwenda Kaskazini hakanyagi tena uwanja wa klabu, hata kutazama tu, mpaka afe. Ndiyo kanuni. Ni upuuzi mtupu, na haikumkosesha mtu usingizi.

Sasa alikuwa amerudi, kifua kimejaa vumbi la makaa, na daktari hakumpa zaidi ya miezi miwili. Alitaka kitu kimoja: kukaa jukwaani Jumamosi moja.

Februari hiyo timu ilipungukiwa mtu. Jezi ikatoka kabatini yenyewe, kifua kimetuna, mikono imejaa, juu ya shingo hamna kitu. Ilifunga mara mbili. Wapinzani walilalamika tu kwamba haina miguu ya kukamatwa. Katibu wetu, Pugh Kitabu, alifungua kanuni.

"Imewahi kulipwa?"

"Haijawahi."

"Basi ni mwanachama halali."

Wiki hiyo Ceinwen aliifua jezi, akaikausha, asiirudishe. Jumamosi alimvisha Idwal jezi, ikamkaa vizuri kuliko koti lake la kanisani, wakashuka pamoja mpaka uwanjani. Mlangoni alisimama Handel Geti, mtoto wa shangazi yake Idwal.

"Idwal, bwana wee, usinitie majaribuni."

"Nimemvaa mwanachama."

"Mwanachama namwona. Taabu ni kwamba nakuona na wewe humo ndani."

"Handel, una roho gani?" Ceinwen alisema. "Mwenzio anakufa!"

"Najua, shemeji, na inaniuma. Akifa nitabeba jeneza, tena mbele kabisa. Leo avue."

Idwal akavua. Mvua ilikuwa ikinyesha, naye alibaki na fulana ya ndani. Handel aliipokea jezi kwa heshima, akaikung'uta mabegani, akaifungulia mlango. Ikapita bila kugeuka. Ceinwen akamfunika mumewe kwa shali yake, akalia kwa hasira, wakasimama hapo hapo nje ya ukuta.

Dakika ya kumi jezi ilipata mpira pembeni, ikawapita watu wanne. Jukwaa zima likainuka.

"Idwal! Idwal! Idwal!"

Nje ya ukuta, Idwal aliinua mkono kuwaitikia. Kisha akashikwa na kikohozi, na Handel akamwomba asogee kidogo, maana kulikuwa na waliochelewa waliotaka kupita.