Hiba ya Lami

Barabara ile ilichukua miaka mitatu kufika Ole, na katika miaka hiyo mitatu ilikula mikarafuu tisa ya watu, ushuru wa karafuu usiojulikana kiasi chake, na jicho la kushoto la Hamad, mume wa Bi Mwatima. Jicho lilikwenda na chembe ya jiwe. Hamad alikuwa kibarua wa kuponda kokoto, jiwe likaruka likamwingia, na msimamizi akamwambia atie asali na asisahau kurudi kazini Jumatatu.

Barabara ilipokwisha ilikuwa nyeusi inang'aa, nyembamba, na haina gari. Watu wa Ole walikuwa wameomba vitu viwili, na waliviomba kwa maandishi: daraja pale bondeni ambapo mvua ikinyesha mtu havuki, na basi la kuwapeleka Chake wagonjwa na wenye mizigo. Daraja halikujengwa. Basi, waliambiwa, liko kwenye fungu la bajeti. Hilo fungu liko wapi, hapana aliyejua. Lami yenyewe ilitoka mjini, ikapita katikati ya Ole bila hata kupunguza mwendo, ikaenda kuishia ufukweni kwenye nyumba ya mapumziko ya wakubwa, wanakokwenda kuoga Jumapili. Mwenye akili na aseme kama hiyo ni barabara ya watu au ni ujia wa kwendea kuogelea.

Na bado wakaja kuifungua kwa sherehe. Bwana Suud, afisa wa barabara, alivaa joho, akasimama juu ya kiti, akanena maneno matamu mpaka wengine wakalia. "Kuanzia leo," alisema, "barabara hii ni yenu, watu wa Ole. Si ya Serikali tena. Nawapa kwa moyo mmoja." Kisha Shehe Khatib, mwalimu wa chuo cha Kurani, akaombwa amalizie kwa dua. Ikasomwa Fatiha, na Bwana Suud akaitikia amin kwa sauti kuliko wote.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kwa watu wa Ole, maneno kama yale si ya kupamba mkutano. Mtu akitoa kitu mbele ya mashahidi, na Fatiha ikasomwa, ametoa. Jioni ile ile, baada ya sala ya alasiri, Shehe Khatib aliwaeleza wenziwe barazani kwa utulivu kabisa.

"Hino ni hiba," alisema. "Mwenye kutoa katoa. Siye tumepokea. Kilobakia ni kukabidhi, maana hiba isokabidhiwa haijatimia. Sasa kila mwenye nyumba na ashike fungu lake."

Wakagawana barabara. Msicheke. Nyumba zilikuwa thelathini na mbili, kila nyumba ikapata hatua kumi na mbili za lami, na mipaka ikapigwa kwa chokaa. Wataifanyia nini? Gari hawana, basi halipo. Lakini msimu wa karafuu ulikuwa umefika, na kila mwenye kuanika anajua kwamba karafuu juu ya jamvi uani hutaka siku tano, na sita kukiwa na mawingu. Lami ilikuwa inapata moto tangu asubuhi. Juu yake siku tatu zatosha.

Bi Mwatima peke yake ndiye aliyesita. "Serikali na kutoa, wapi na wapi?" alimwambia mumewe. "Hawa hutoa maneno."

"Hawakutoa wao," Hamad alijibu. "Mimi nshailipa. Anika, mke wangu."

Akaanika, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kubishana. Jicho la kulia la Hamad nalo lilikuwa limeanza kufanya ukungu. Daktari wa Chake alisema lipasuliwe Unguja, na lipasuliwe kabla ya Ramadhani, likichelewa hapana dawa. Nauli, malazi na gharama zote zilikuwa pale chini, kwenye hatua kumi na mbili za lami karibu na kona. Zilikuwa karafuu za mikarafuu yao mitano, waliyoichuma Bi Mwatima na nduguze siku kumi na moja, Hamad akakaa chini kuzichambua kwa kupapasa. Hapakuwa na nyengine, na msimu ujao ni mwakani.

Siku ya tatu asubuhi zilikuwa zimeshaiva rangi ya udongo mwekundu. Bi Mwatima aliikunja moja ikakatika kwa sauti. Jua moja tu, akasema moyoni, na adhuhuri nazizoa.

Saa tatu alitokea askari juu ya pikipiki, akifuatwa na magari matatu meusi. Wanawake walikimbilia barabarani na fagio na magunia, askari akapiga firimbi akawarudisha ukingoni. Gari la mbele lilisimama mbele ya karafuu za nyumba ya kwanza. Ndani alikuwa mgeni mkubwa kutoka ng'ambo, amekuja kukagua fedha za barabara zimetumikaje, mnene, mwekundu, kofia mapajani. Bwana Suud akateremka, uso umemshuka.

"Nini hiki? Nani kawaruhusu?"

Bi Mwatima akasogea, mikono kifuani. "Asalaam alaykum, Bwana Suud. Weye ndiye uloturuhusu. Si ulitupa mbele ya watu, na Fatiha ukaitikia? Lakini hatugombi. Tupe nafasi kidogo tu tuzizoe, mupite kwa salama."

"Mimi niliwapa barabara mwanike karafuu?"

"Hukusema tusianike, Bwana."

Ingemalizika hapo. Nusu saa ingetosha kuzizoa zote. Ila mgeni alitoa kichwa dirishani akauliza jambo kwa Kiingereza, na Bwana Suud aligeuka kama mtu aliyefumaniwa. Angemwambia nini? Kwamba barabara iliyomeza fedha zote zile haina gari hata moja, na wenyewe wameona haifai ila kwa kuanikia? Akacheka, akanyoosha mkono juu ya karafuu, akasema maneno marefu. Mgeni akapanua macho. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa wanawake waliosimama ukingoni.

Maryamu, mpwa wa Bi Mwatima, alikuwa mwalimu wa skuli na Kiingereza akikisikia. Alikuwa amegeuka rangi.

"Kasema nini?" Bi Mwatima alimuuliza.

"Kamwambia ndiyo mila yetu. Akija mgeni wa heshima, watu wa Ole humtandikia karafuu apite juu yake."

"Mwambie mwongo!"

Maryamu akafungua kinywa, lakini askari alikuwa amesimama mbele yake, na magari yalikuwa yameshaondoka. Yalikwenda polepole sana. Mgeni mwenyewe aliagiza hivyo, asije akaonekana amedharau mila ya watu. Yalipita juu ya mafungu yote thelathini na mawili, moja baada ya jengine, gari tatu, na kila gurudumu likifanya kazi yake. Bwana Suud alikaa kitako nyuma akipunga mkono kulia na kushoto. Mgeni alifumba macho akavuta pumzi, maana karafuu zikisagwa hunukia kupita kiasi.

Hamad alikuwa amekaa ukingoni penye fungu lake. Aliona vivuli tu vikipita.

"Mwatima," aliita, "kitu gani hicho kinachovunjika?"

Bi Mwatima alikuwa nyuma ya mgomba, anatema mate. Ni kinyaa, kinyaa cha kumuona mtu mzima aliyevaa joho akiuza uwongo kwa jicho la mwenziwe huku akipunga mkono.

Alasiri magari yalirudi kwa njia ile ile, yakakamilisha kilichobaki. Walizoweza kuziokota waliziokota, wakapepeta, wakachagua. Kituoni kwa wanunuzi mkaguzi alitia mkono guniani, akatoa unga wenye mchanga na mafuta ya gari, akaunusa, akaumwaga. Hata katika daraja la mwisho la ubora hakuutia. Bi Mwatima alirudi na magunia matupu, kwa miguu, kwa sababu basi bado lilikuwa kwenye fungu. Shehe Khatib alipita nyumbani kumpa pole, akasema pengine hiba ile haikutimia tangu mwanzo. Bi Mwatima alimtazama mpaka akaaga. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Ukungu katika jicho la Hamad ukawa ukuta.

Mwezi wa mfunguo mosi, baada ya sala ya Ijumaa, Sheha Matano, mkuu wa Serikali pale kijijini, aliwakusanya watu. Alikuwa na barua yenye muhuri, na huyu sheha ni mtu ambaye akiona muhuri hujifuta viatu. Akaisoma kwa sauti. Mgeni amefika kwao salama. Amefurahishwa na barabara, na zaidi na mapokezi, na ameyaandika katika ripoti yake kuwa ni ushahidi wa shukurani za wananchi. Tarehe ishirini na saba atakuja mgeni mkubwa kuliko yule. Kwa hiyo watu wa Ole wanaombwa watandike tena karafuu, pishi mbili kwa kila nyumba, kwa mujibu wa mila yao. Na lile fungu lililowekwa kwa ajili ya basi sasa litatumika kujenga jukwaa la saruji lenye paa, ili wageni waiangalie mila hiyo wakiwa kivulini.

Mmoja akacheka, akaona wenziwe hawacheki, akaacha. Mila ile ilikuwa na umri wa miezi mitatu na tayari inajengewa jukwaa.

"Wanatakiwa pia watu kumi wa kusimama mstari wa mbele," Sheha Matano aliendelea, akitoa karatasi nyengine. "Safi, na wenye nyuso za furaha. Hilo limepigiwa mstari. Nani tumtie?"

Bi Mwatima akainuka nyuma, walipokaa wanawake. Sauti yake haikupanda.

"Mtie Hamad mume wangu. Mweke wa kwanza. Siye wengine hatutoweza, tutaona kinachopita. Yeye ataweza kucheka."

Sheha Matano akamshukuru kwa moyo wake wa uzalendo, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akaandika jina.